Chupa ya Maji Dirishani: Kwa Nini Treni Moja Inakulaza na Nyingine Inakukesha

(Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi, Mbeya. Imeandikwa kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Mugonile!

Naona wa Tukuyu wameitikia, wengine wanatazamana. Kwa mliotoka mbali: Mnyakyusa akikusalimia, anakuuliza kama umelala. Miaka yote niliyosafiri kwa treni, nikishuka asubuhi macho mekundu kama pilipili, mtu akanisalimia hivyo stesheni, nilikuwa nacheka peke yangu. Anadhani ametoa salamu. Kumbe ameniuliza swali la ufundi, na jibu lake ni refu kuliko alivyotarajia. Leo ndio nataka kulijibu.

Mwenyekiti, walimu, wanangu, niliombwa nije nilinganishe safari laini na safari ngumu kwenye treni za masafa marefu. Nimefanya kazi ya reli miaka 31. Sikuwa dereva wala gadi. Nilikuwa mtu wa njia, yaani wale mnaowaona pembeni wameshika sururu, treni inapita, nanyi mnawapungia mkono halafu mnawasahau. Kwa hiyo mkiona leo naegemea upande wa kokoto kuliko upande wa mabehewa, jueni mzee anatetea ukoo wake.

Nianze na kifaa changu. Ni hiki hapa: chupa ya maji ya nusu lita, imejazwa nusu. Kila ninaposafiri naiweka mezani au kwenye ukingo wa dirisha, naitazama. Abiria wenzangu wanadhani nina uchungu wa moyo. Lakini maji hayadanganyi, na yana lugha tatu. Yakiruka na kutua, behewa linadunda. Yakienda kushoto na kulia, behewa linayumba. Yakipanda ukuta wa mbele, halafu ghafla ukuta wa nyuma, behewa linagutuka. Kudunda, kuyumba, kugutuka. Kila moja lina chanzo chake na lina mtu wake wa kulaumiwa, na ukichanganya utamtukana dereva kwa kosa la fundi wa magurudumu.

Sasa niwape safari mbili.

Ya kwanza ni hii reli mpya, SGR. Mtu wa Mbeya akitaka kuipanda anaifuata. Nilitoka hapa kwa basi mpaka Iringa, nikalala kwa binti yangu, asubuhi nikashika basi jingine la Dodoma kwa njia ya Mtera. Kufika Dodoma mgongo ulikuwa unaniuliza nimeukosea nini. Nikapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam, nikaweka chupa yangu. Kwenye kioo cha behewa wanaonyesha mwendo, na pale kwenye sehemu iliyonyooka namba ikafika 160 kwa saa. Nikaangalia maji. Juu yake palikuwa na vimawimbi vidogo vidogo, kama chai unapoipulizia. Basi. Hayakwenda kushoto, hayakwenda kulia. Kijana wa jirani alikuwa amelala mdomo wazi toka tuanze.

Ya pili ni treni nyingine, zamani kidogo, na jina lake sitalitaja. Sikuja hapa kusema watu. Mwendo wake ulikuwa kama 40 kwa saa, pengine chini ya hapo. Niliagiza chai, ikaja kwenye kikombe cha bati. Nilikunywa nusu, nusu nyingine ikanywewa na shati.

Sasa nawauliza. Mmoja anakimbia 160, maji yametulia. Mwingine anatambaa 40, shati limelowa. Mwendo kasi ndio unaotikisa? Haiwezekani.

Nasikia mtu kule nyuma anasema "upana". Asante, nilikuwa naingoja hiyo. Ni kweli SGR ina upana wa milimita 1,435 kati ya reli na reli. Hii ya kwetu ya TAZARA ina 1,067, na ile ya kati ya zamani aliyoianza Mjerumani ina mita moja kamili. Watu wengi wanaishia hapo: pana ni laini, nyembamba ni ngumu. Basi niwapeleke Japani. Treni zao za mwendo kasi zilianza tarehe 1 Oktoba 1964, kati ya Tokyo na Osaka, kwa mwendo wa 210 kwa saa, na hizo ndizo zilijengewa njia ya 1,435. Lakini sehemu kubwa ya reli zao za kawaida, zile zinazobeba watu kila siku mijini na vijijini, zina upana wa 1,067. Kipimo kilekile cha hii inayopita hapa Mbeya! Na abiria wanakaa humo wanasoma vitabu. Halafu nendeni India: njia yao kuu ina 1,676, pana kuliko zote nilizotaja, na bado walipoingiza mabehewa mapya yenye asili ya Ujerumani, abiria walilalamika kwamba treni ikianza kuondoka inawagutua mpaka wanaamka. Upana unasaidia, sikatai. Unampa mtu nafasi ya kusimama vizuri. Lakini mtu mwenye miguu mipana akisimama kwenye tope naye anateleza.

Kwa hiyo tushuke chini ya sakafu.

Reli zilizojengwa zamani zina vipande. Kipande kinaisha, kingine kinaanza, katikati kuna mwanya, na pembeni vibao viwili vya chuma vilivyokazwa kwa bolti. Mwanya ule si uzembe. Chuma kinarefuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na ninyi wa Mbeya mnajua baridi ya Juni asubuhi ilivyo na jua la saa nane lilivyo. Fanyeni hesabu wenyewe: mita moja ya chuma inaongezeka kama milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha mita 12, joto likipanda nyuzi 30, kinaongezeka milimita 4 na kidogo. Usipokiachia nafasi, kitaitafuta chenyewe, na kitaitafuta kwa kupinda.

Gurudumu likifika kwenye mwanya linaanguka kidogo na kugonga. Ndio ule mlio wa ka-tak, ka-tak tuliokua nao. Na hapa niwape mchezo wa njiani: kama unajua vipande vya reli ni vya mita 12, hesabu milio ya upande wako kwa sekunde 43. Idadi utakayopata ndiyo mwendo wa treni kwa saa. Ukihesabu 50, mnakwenda 50. Hakuna haja ya kumuuliza gadi, ambaye hata hivyo hatakuambia.

Lakini sikilizeni kinachofuata. Mgongano ule unaangukia mahali palepale, gurudumu baada ya gurudumu, treni baada ya treni. Taruma, yaani ile boriti inayolazwa chini ya reli, lililo karibu na kiungo linashindiliwa chini. Kokoto zinasagana. Unga wake unachanganyika na udongo, mvua inanyesha, maji hayana pa kutokea. Sasa kila gurudumu likipita, taruma linazama na kuinuka, linasukuma tope juu kama pampu. Sisi tunasema njia inatapika. Mkipita mkaona kokoto nyeupe, nyeupe, halafu ghafla kiraka cha udongo mkavu wa rangi ya uji juu yake, mjue hapo panatapika. Shimo linazaa pigo, pigo linaongeza shimo. Hilo ndilo linalokudundisha saa nane za usiku, na ukiona treni imepunguza mwendo porini bila sababu, mara nyingi dereva ameambiwa kuna sehemu ya namna hiyo mbele.

Tiba yake ya zamani ilikuwa macho na mikono. Mnyapara wetu alikuwa analala kifudifudi, shavu juu ya reli, jicho moja limefumbwa, anatazama reli kama mtu anayelenga bunduki. Kwa mbali unaona mgongo wa reli umebonyea, tofauti ya kidole kimoja tu. Anaita: "Pale! Rudi mbili! Hapo!" Tunaweka jeki, tunainua, tunashindilia kokoto chini ya taruma kwa sururu butu, watu wawili wakikabiliana, pigo kwa pigo. Mkubwa wangu alinifundisha kugonga taruma kwa nyundo na kusikiliza. Lililo tupu chini linalia kama ngoma. Lililoshiba linanyamaza. Mpaka leo nikipita mahali nikakuta taruma, mkono unaniwasha.

Siku hizi kuna mashine. Inashika reli, inainyanyua, inazamisha vidole vya chuma kwenye kokoto pande zote za taruma na kuvitetemesha mara 35 kwa sekunde huku ikibana. Kazi yetu ya wiki inaimaliza kabla ya chai. Siionei wivu. Naam, naionea kidogo.

Kwenye njia mpya mwanya wenyewe umeondolewa. Reli zinachomelewa, kilomita na kilomita bila kiungo, ndiyo maana kwenye SGR husikii ka-tak. Sasa wenye akili mtauliza: na lile joto la saa nane limekwenda wapi? Halijaenda popote. Chuma bado kinataka kurefuka, ila kimeshikwa. Kimeshikwa na mataruma, na mataruma yameshikwa na kokoto zilizojazwa mpaka mabegani. Punguza kokoto pembeni na siku ya jua kali reli nzima inaweza kupinda kama nyoka. Kwa hiyo hata ile safari laini kuliko zote mliyowahi kuiona, iliyomlaza yule kijana mdomo wazi, inategemea jiwe. Na si jiwe lolote. Lazima liwe limepasuliwa, lina kona kali zinazong'ang'aniana. Jiwe la mtoni, zuri, laini, la kuchezea bao, halifai. Linateleza juu ya mwenzake.

Nimekaa sana kwenye kudunda. Twende kwenye kuyumba.

Kijana, njoo unishikie fito hizi mbili za mwanzi, ziinamishe kidogo. Hapa nina vikombe viwili vya plastiki, nimevigundisha mdomo kwa mdomo, katikati panene, mwishoni pembamba. Naviachia. Mmeona? Vimeenda kushoto kidogo, vikarudi vyenyewe, vikaenda kulia kidogo, vikarudi. Havikuanguka. Sasa hivi vingine nimevigundisha kitako kwa kitako, katikati pembamba. Naviachia. Haya, vimefika kwa mwalimu.

Gurudumu la treni ni kile kikombe cha kwanza. Uso wake hauko bapa. Umechongwa mshazari, upande wa ndani mnene kuliko wa nje. Na magurudumu mawili yameunganishwa kwa ekseli moja, yanazunguka pamoja. Jozi ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto linakanyaga kwa unene wake, la kulia kwa wembamba wake, kwa hiyo la kushoto linakimbia zaidi na jozi inajirudisha katikati. Wengi wanadhani ule ukingo wa gurudumu ndio unaoshikilia treni kwenye reli. Ukingo ni askari wa zamu, anaingia kazini mambo yakiharibika, na kwenye kona kali.

Gurudumu likichakaa, ule mshazari unaharibika, uso unakuwa na bonde. Jozi inavuka katikati, inajirudisha kwa nguvu kupita kiasi, inavuka tena. Behewa zima linaanza kwenda zigizaga kama mtu aliyetoka kwenye ulanzi msimu wa mvua. Wana Iringa, msinune, hata Mbeya ulanzi upo. Kuyumba huko kunaongezeka kadiri mwendo unavyopanda, mpaka kuna mwendo fulani ambapo hakutulii tena. Njia inaweza kuwa nzuri kabisa, na behewa moja tu kwenye treni ndilo linalohangaika. Ukiona behewa la jirani limetulia na lenu linacheza, msiwalaumu watu wa njia. Nendeni karakana.

Kuna jambo jingine la magurudumu, nalitaja haraka. Breki ikibana gurudumu mpaka likaburuzwa bila kuzunguka, linasagika mahali pamoja, linabaki na bapa. Tangu hapo kila mzunguko ni pigo. Gurudumu lenye mzingo wa karibu mita 3 likienda 50 kwa saa linapiga mara 4 au 5 kwa sekunde, tofauti na mlio wa viungo ambao ni kama mmoja kwa sekunde. Na pigo hilo linasafiri na wewe, halikuachi, toka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia. Kilomita 1,860 za mtu anayegonga mlango.

Na kona. Waliopita Kitonga kwa basi wanajua mwili unavyotupwa nje ya kona. Kwenye reli tunainua reli ya nje, treni inalala kidogo kwa ndani, kama mwendesha baiskeli. Kukiwa na mwendo sawasawa na ule uliokusudiwa, chai kwenye kikombe inakaa sambamba na meza ingawa dunia nje ya dirisha imeinama. Shida ni kwamba njia ni moja na wasafiri ni wawili. Kuna treni ya mizigo inayopanda polepole na ya abiria inayotaka kukimbia. Ukiinua reli ya nje kwa ajili ya abiria, ya mizigo inaegemea yote ndani na kuisaga reli ya chini. Ukiinua kidogo, abiria anasukumwa dirishani. Mhandisi anachagua katikati na kila mtu ananung'unika kidogo. Huko Marekani treni nyingi za abiria za masafa marefu hupita kwenye reli za kampuni za mizigo, na njia ya mizigo hutunzwa kwa kipimo cha mizigo. Makaa ya mawe hayaamki usiku.

Kwetu hili ni kubwa kwa sababu ya milima. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, na wenyewe waliojenga, Wachina, Watanzania na Wazambia, hakuna kipande walichokitaja kwa kuogopa kama Mlimba kwenda Makambako. Unatoka bonde la Kilombero, kwenye joto na mpunga, unapanda ukingo mzima wa nyanda za juu: mahandaki, madaraja marefu, kona zinazofuatana hadi unaona kichwa cha treni yako mwenyewe upande wa pili wa korongo. Daraja la mto Mpanga lina urefu wa kama mita 50 kwenda juu. Halafu unaendelea mpaka hapa Uyole, ambapo njia inafika kilele chake chote, mita 1,789 juu ya bahari. Ukipita Uyole, iwe unakwenda Dar es Salaam au Kapiri Mposhi, umekanyaga paa la reli nzima. Hata injini mpya na mabehewa mapya vikija, na Septemba 2024 kule Beijing ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii, zile kona za Mlimba zitabaki kona. Huwezi kuunyoosha mlima kwa gharama ambayo mtu atakubali kuilipa. Kinachowezekana ni kuzitunza vizuri, kona moja moja, na hiyo ni kazi ya watu wenye sururu. Nimesema mapema naegemea wapi.

Kugutuka nitakupitisha haraka. Kati ya behewa na behewa kuna kulabu, na kulabu ina mchezo, nafasi ndogo. Nafasi ndogo mara mabehewa 15 si ndogo tena. Dereva akiondoka kwa papara, la kwanza linavutwa, linavuta la pili, na pigo linatembea mpaka mkiani likizidi kukua. Dereva mzuri anaanza kwa kunyoosha treni yake taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nilifanya kazi na madereva ambao ukilala hujui kama treni imeondoka. Wapo na wengine.

Wataalamu wana namba za mambo haya. Mjerumani mmoja, Sperling, miaka ya 1940 alitengeneza kipimo ambacho mpaka leo kinatumika. Moja maana yake unahisi kwa mbali tu. Mbili unahisi waziwazi. Mbili na nusu inaonekana zaidi lakini haikeri. Tatu ni nguvu, bado unavumilia. Tatu na nusu, hapana. Nilichokipenda kwenye kipimo chake ni kwamba hakipimi chuma, kinapima binadamu. Anajua mtikisiko wa kwenda juu na chini mara 4 hadi 8 kwa sekunde unatusumbua kuliko mwingine, maana hapo ndipo tumbo na mifupa ya mgongo vinapoitikia. Wa polepole sana, chini ya mara moja kwa sekunde mbili, ndio unaowatapisha watu. Treni mbili zinaweza kuruka sawa kwa kipimo cha rula, moja ikakuacha salama na nyingine ikakumaliza, kwa sababu ya mdundo tu.

Lakini mwalimu wangu bora wa jambo hili hakuwa Mjerumani. Alikuwa mama mmoja aliyepanda Makambako na trei tatu za mayai, anashuka Mlimba. Behewa lilikuwa limejaa, kiti kilichobaki kilikuwa mwishoni, karibu na choo. Kijana mwenye adabu akamwambia, "Mama, kaa hapa." Akakataa. Akasogea mpaka katikati ya behewa, akamwomba mtu mwingine kabisa nafasi. Trei hakuziweka chini. Alikunja kanga mara nne, akaiweka mapajani, trei juu yake, visigino amevinyanyua kidogo, anakanyaga kwa vidole. Njia nzima ya kushuka mlima magoti yake yalikuwa yanapanda na kushuka, polepole, yeye mwenyewe anaongea habari za bei ya mahindi kama vile magoti si yake. Nikamuuliza mbona hakukaa pale mwishoni. Akasema, "Baba, pale ndio juu ya miguu ya treni. Panarusha."

Hakusoma popote. Lakini alichofanya ndicho kilichomo kwenye bogi, kile kigari cha magurudumu chini ya behewa, la behewa lolote la kisasa. Springi ya kwanza kati ya ekseli na bogi, kazi yake kumeza pigo kali: hivyo ni vidole vyake vya miguu. Springi ya pili kati ya bogi na behewa, laini zaidi, siku hizi mara nyingi ni mpira uliojazwa hewa: hayo ni mapaja na kanga. Na kitu cha kuzuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya pigo: hayo ni magoti yaliyokuwa yanarudi taratibu. Hakuna yai lililopasuka. Nilihesabu naye Mlimba.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili.

Binti wa mbele aliuliza: Mzee, nikienda kukata tiketi, niombe nafasi wapi?

Fuata mayai, mwanangu. Katikati ya behewa, siyo mwishoni. Behewa la katikati ya treni, siyo la mkiani. Mkia unachapwa na kila mgutuko. La mbele kabisa lina honi. Kama ni la kulala, chukua kitanda cha chini: behewa likiyumba linazunguka kama mti kwenye upepo, shina linasogea kidogo, kilele kinasogea sana. Wa juu anapata hewa na faragha, wa chini anapata usingizi. Na ulale kichwa kikiwa mbali na mlango, hilo halihusiani na reli, linahusiana na wauza karanga.

Kijana wa kule dirishani aliuliza: Mzee, umesema kudunda, kuyumba, kugutuka, yote mabaya. Basi mbona mimi kwenye treni, hata ile mbovu, nalala kuliko kwenye basi zuri?

Nilipenda swali hilo, na nikamwambia hivi. Mama yako alikubeba mgongoni ukalala, na mgongo wake haukuwa umetulia. Ulikuwa unakwenda, kwa mdundo mmoja, pole pole, kama hatua moja kwa sekunde. Viungo vya reli kwa mwendo wa 50 navyo ni karibu hivyohivyo. Mwili ukishaujua mdundo unauachia, hauulindi tena. Basi halina mdundo. Kuna tuta, kuna shimo, kuna pikipiki iliyoingia barabarani, na mwili unakaa macho kungoja kisichojulikana. Kinachokuamsha kwenye treni si mlio. Ni mlio kukatika. Treni ikisimama saa tisa usiku kwenye stesheni ndogo huko kati ya Ifakara na Mlimba, hakuna honi, hakuna mtikisiko, hakuna kitu, kimya kabisa, vyura tu, na utaona behewa zima limeinua vichwa, watu wanaulizana gizani, "Hapa wapi?"